Mtoto wa paka mwenye uso bapa na sahani yake ya kwanza

Paka wa kawaida akiinamia sahani, midomo hufika kwenye chakula kabla ya kitu kingine chochote cha usoni. Mtoto wa paka wa Kiajemi, au wa Exotic ambaye ni ndugu yake mwenye manyoya mafupi, hana nafasi hiyo. Akiinama, kidevu, pua na paji la uso vinatua kwa pamoja. Pua inazama kwenye uji wa nyama, anapiga chafya, anarudi kinyumenyume akitikisa kichwa, na waliomzunguka wanasema hataki kula. Anataka. Njaa anayo, na kila akinusa chakula anakuja. Kinachomshinda ni kukifikisha kinywani huku akiendelea kupumua. Kwa hiyo usihangaike kumzoesha sahani uliyonayo kabatini. Badili sahani, badili uzito au wepesi wa rojo ya chakula, badili mkao wake, mpaka chakula chenyewe kiufuate mdomo.

Uso huu haukuwa hivi tangu zamani. Kwenye maonyesho ya paka ya Crystal Palace, London, mwaka 1871, paka wa Kiajemi walikuwa na pua inayoonekana vizuri ukiwatazama kwa upande. Ni wafugaji wa karne ya 20, kwa kuchagua kizazi baada ya kizazi, walioifupisha mpaka ikafika usawa wa macho. Uarabuni wanawaita paka Shirazi, jina ambalo ndugu zetu wa Oman na Dubai wamelizoea. Kwetu pwani ni paka wa Kiajemi, na wengi husema tu paka wa manyoya. Kwa jina lolote, taya la juu lilifupishwa lakini nyama za ndani hazikupungua kwa kiasi kile kile. Kaakaa laini linaweza kuning'inia nyuma na kuziba njia ya hewa. Matundu ya pua ni membamba. Taya la chini linatangulia mbele, meno ya juu na ya chini hayakutani. Mrija wa machozi umejikunja, machozi yanamwagika usoni badala ya kushukia puani.

Kila kasoro ina matokeo yake kwenye sahani. Meno yasiyokutana hayawezi kubana kipande cha nyama na kukinyanyua. Paka wengi wa uso bapa huokota chakula kwa upande wa chini wa ulimi, wakikikunja kuelekea nyuma, njia ambayo paka wa kawaida haitumii sana. Matundu membamba yanapunguza harufu, na paka huamua kula kwa pua kabla ya ulimi. Utamu wa sukari hata hausikii, kwa hiyo kuongeza sukari au asali ili apende ni kazi bure. Tena, kinywa kikijaa na pua ikiwa imeziba, lazima achague kati ya kumeza na kuvuta pumzi. Atachagua pumzi. Hapo ndipo anaacha chakula akiwa bado na njaa.

Kabla ya kumlikiza, yaani kumwachisha maziwa, mkague. Mfungue kinywa chini ya mwanga, utazame kaakaa kuanzia mbele hadi nyuma. Likiwa na ufa au tundu, maziwa yatatokea puani kila anapokula, na huyo ni wa daktari wa mifugo kwanza. Mafunzo ya sahani hayatamsaidia. Tazama matundu ya pua: yakiwa mfano wa alama ya mkato, wazi upande wa chini, ni afadhali, yakiwa mistari miwili iliyofumba, na mbavu zinavutika ndani anapopumua, mwambie daktari mapema. Msikilize akiwa amelala. Mkoromo mdogo ni wa kawaida kwa hawa. Kupumua kwa mdomo wazi si kawaida kwa paka yeyote, wakati wowote. Hilo ni la kukimbizwa hospitali siku hiyo hiyo.

Watoto wa paka kwa jumla huanza kuonja chakula wakiwa na wiki 4, na kufikia wiki 8 wanajitegemea. Wa uso bapa tunawaanzisha kati ya wiki 4 na nusu na 5, na hatushangai akichukua mpaka wiki ya 10 au hata ya 12. Umri peke yake hautoshi kukuamulia. Ngoja aweze kusimama imara kwa miguu minne bila kuyumba, meno ya mbele yawe yamechomoza, na aanze kutafuna chuchu ya chupa au kulamba vidole vyako. Anayeyumba ataanguka na uso kwenye chakula, na kumbukumbu hiyo mbaya itakugharimu siku tatu.

Nunua mizani ya jikoni inayosoma gramu 1. Hiki ndicho kifaa cha kwanza, kabla ya chakula ghali na vyombo vizuri. Mpime kila asubuhi kabla ya mlo wa kwanza, kwenye bakuli lile lile, uandike. Mtoto wa wiki 4 aghalabu ana gramu 350 hadi 450, na anapaswa kuongeza kama gramu 10 hadi 15 kwa siku. Siku anazoanza kula mwenyewe uzito unaweza kusimama kwa siku moja, pengine mbili, usitaharuki. Ukishuka siku mbili mfululizo, mrudishie maziwa ya kutosha na upunguze kasi ya mafunzo. Akipoteza sehemu moja ya kumi ya uzito wake, au akikataa kila kitu kwa saa 12, mpeleke kwa daktari. Manyoya ya Kiajemi yanadanganya sana: mtoto anaonekana mpira wa pamba, ukimshika uti wa mgongo unahesabu pingili. Mizani haidanganywi na manyoya.

Sasa sahani. Bakuli la kina halifai kabisa. Ukingo wake unagota kidevu na paji la uso kabla ulimi haujafika, na chakula anachokisukuma kinapanda ukutani mwa bakuli na kubaki pale. Kisosi cha chai kina shimo katikati la kukalia kikombe, na shimo hilo ndilo chakula kinapojificha; kigeuze kifudifudi, upande wa chini uwe juu, utapata kijilima kidogo kinachofaa mno. Mfuniko wa mtungi uliogeuzwa hivyo hivyo unafaa pia, mradi hauna ncha kali. Baadaye, akishajua, sahani bapa ya kauri au ya chuma cha pua yenye upana wa sentimita 12 hadi 15 na ukingo usiozidi sentimita 2 itamtosha kwa miaka. Plastiki tunaikwepa: hukwaruzika, mikwaruzo hushika mafuta na vijidudu, na kidevu cha paka wa uso bapa ambacho kila mlo kinasuguana na sahani huota vipele vyeusi.

Inua sahani sentimita 3 hadi 5 kutoka sakafuni, ifike usawa wa kifua chake. Kitabu kinene kilichofungwa kwa mfuko kinatosha. Iinamishe kidogo kumwelekea, kwa kuweka kitambaa kilichokunjwa chini ya ukingo wa mbali. Chini ya yote tandika kipande cha mpira au taulo lenye maji kidogo ili kitu kisiteleze. Mtoto asiyeweza kubana chakula kwa meno hukisukuma, na sahani inayotembea humpeleka mpaka ukutani bila kumeza hata tonge.

Kuhusu chakula, wengi huanza na uji mwepesi kwa kudhani ni rahisi. Kwa paka wa pua ndefu ni kweli. Kwa uso bapa uji mwepesi ni hatari zaidi kuliko rojo nzito, na sababu yake ni namna paka anavyokunywa. Mwaka 2010 watafiti wa chuo cha MIT huko Marekani walionyesha kwa kamera za kasi kwamba paka hachoti maji kwa ulimi kama kijiko. Ncha ya ulimi hugusa uso wa maji, huvutwa juu haraka, na maji hufuata kama uzi, mara kadhaa kwa sekunde, kisha mdomo hufumba kabla uzi haujakatika. Hiyo inataka nafasi kati ya mdomo na maji. Mtoto ambaye pua yake iko juu kidogo tu ya mdomo hana nafasi ya kutosha, na hajajifunza kuupima umbali. Akikosea kidogo, anavuta uji puani. Kioevu kikipita hadi mapafuni, kinaleta homa ya mapafu ambayo inaweza kumuua mtoto wa umri huu ndani ya siku chache.

Kwa hiyo anza na rojo. Chukua vijiko viwili vya mezani vya chakula laini cha kopo cha watoto wa paka, kile kilichosagwa kama siagi na kisicho na vipande kwenye mchuzi. Ni kama gramu 30. Ongeza maziwa ya unga ya watoto wa paka yaliyokwisha kukorogwa kwa kipimo cha kwenye kopo lake, kijiko kimoja cha mezani, yakiwa ya vuguvugu. Ponda kwa uma, kisha kandamiza kwenye chujio la chai kwa mgongo wa kijiko ili nyuzi na mabonge yabaki. Kipimo cha uzito wake ni hiki: chota kwenye kijiko, kigeuze juu chini. Rojo ibaki imening'inia kwa sekunde tatu au nne ndipo ianze kuachia. Ikidondoka mara moja, ni nyepesi, ongeza chakula. Ikiganda moja kwa moja kama simiti, atashindwa kuitoa kaakaani na atajikuna mdomo kwa mguu wa mbele. Ongeza maziwa matone machache.

Joto lake liwe karibu na la mwili wa paka, nyuzi 37 au 38. Weka bakuli dogo ndani ya maji moto kwa dakika tano, koroga, jaribu kwa ndani ya kiwiko. Tanuri la maikrowevu linaacha sehemu za moto katikati, na ulimi ukiungua leo, kesho hatakaribia sahani. Chakula kutoka jokofuni hakina harufu, na kwa mwenye pua iliyobanwa hakina harufu maana yake hakipo.

Maziwa ya ng'ombe yasitumike kuchanganyia. Protini yake ni karibu nusu tu ya maziwa ya paka, na kadiri mtoto anavyokua tumbo linapoteza uwezo wa kuyeyusha sukari ya maziwa, ndiyo maana anaharisha. Ugali na dagaa, chakula cha paka wengi wa nyumbani kwetu, hakimfai mtoto huyu: unga wa ugali hautagandukana na kaakaa lake, na dagaa wana miiba na chumvi. Kuku aliyechemshwa bila chumvi, bila kitunguu wala kitunguu saumu, akasagwa na supu yake, anaweza kumvusha siku mbili tatu chakula cha kopo kinapokosekana dukani. Zaidi ya hapo anakosa kalsiamu ya mifupa, na taurini inaweza kupungua, kirutubisho ambacho paka hawezi kujitengenezea cha kutosha. Mwaka 1987 ndipo ilipothibitishwa kuwa upungufu wake huvimbisha moyo wa paka. Vitunguu vya aina zote huharibu chembe zake za damu, hata vikiwa vimepikwa kwenye mchuzi.

Kabla ya mlo, safisha pua. Pamba iliyochovywa kwenye maji ya vuguvugu yaliyochemshwa, ishikilie puani sekunde ishirini mpaka ukoko ulainike, kisha futa kuelekea chini. Ikiwa ndani kumeziba, tone moja la maji ya chumvi ya hospitali, yale ya asilimia 0.9, kila tundu. Atapiga chafya na njia itafunguka. Hii dakika moja ndiyo watu wanaoiruka, halafu wanalalamika kuwa mtoto anachagua chakula.

Somo la kwanza ni la kidole. Mweke mtoto kwenye taulo, miguu yote minne chini, wewe ukiwa upande mmoja na si mbele yake. Paka rojo kiasi cha punje ya maharage kwenye ncha ya kidole, ukiweke mbele ya mdomo wake, chini kidogo ya pua, usimguse. Ngoja. Akinusa na asilambe, gusisha kidogo kwenye mdomo wa chini, pembeni. Atajilamba na atagundua. Akishalamba mara tano sita mwenyewe, acha; mlo wa kwanza hautakiwi kumshibisha. Mara mbili kwa siku inatosha kwa siku mbili za mwanzo, maziwa yakiendelea kama kawaida.

Somo la pili ni mgongo wa kijiko. Paka rojo upande uliobinuka wa kijiko cha chai, sio ndani. Hapa ndipo watoto wengi wa uso bapa hufunguka, kwa sababu umbo lililobinuka linakutana na mdomo kabla ya pua. Kishike usawa wa kidevu chake. Kila mlo kishushe kidogo, sentimita moja kwa siku, mpaka kijiko kiwe kimelala juu ya kisosi kilichogeuzwa. Usikimbilie. Ukikishusha ghafla ataangalia juu akikutafuta, kwa sababu kwake chakula kinatoka mkononi mwako. Akikwama, rudi pale alipofaulu jana.

La tatu ni kijilima chenyewe. Ondoa kijiko, lundika rojo katikati ya kisosi kilichogeuzwa mfano wa kichuguu, urefu wa sentimita 2 hivi. Usiitandaze. Chakula kilichotandazwa kwenye sahani bapa ni kama rangi iliyopakwa: ulimi unapita juu, pua inasuguliwa, hakuna kinachoingia. Kwenye kichuguu anakula kutoka juu na ubavuni, akipumua. Kichuguu kikibomoka, na kitabomoka, kikusanye tena kwa kijiko. Tarajia kukikusanya mara tatu au nne kila mlo kwa wiki nzima. Ni kazi ya kuchosha mgongo, lakini ndiyo inayomfundisha kumaliza mlo badala ya kuridhika na theluthi ya kwanza.

Kumsukuma uso kwenye chakula kusifanywe kamwe. Mtindo huo wa kumchovya pua ili ajilambe watu huutumia kwa watoto wa paka wa kawaida, na wengine wanapona. Huyu pua ikichovywa imezibwa. Vilevile usimlishe akiwa amelala chali kama mtoto wa binadamu. Tumbo chini, kichwa usawa, basi.

Wengi wa watoto hawa wanakuja wakiwa wamezoea sirinji, kwa kuwa hata kunyonya kuliwashinda, na sirinji ni deni ambalo lazima lilipwe polepole. Tumia ya mililita 1 isiyo na sindano, ipitie pembeni nyuma ya chonge, utoe mililita 0.2 au 0.3, usubiri ameze, ndipo utoe nyingine. Tumbo lake linabeba raha mililita 4 kwa kila gramu 100 za uzito kwa mlo mmoja. Wa gramu 400 ni mililita 16. Kosa kubwa ni kumpa sirinji kwanza ili atulie kisha kumwekea sahani. Akishiba hana sababu ya kujifunza. Sahani itangulie, dakika kumi, akiwa na njaa ya kweli, halafu umalizie kwa sirinji kile alichopungukiwa. Pima kisosi kabla na baada ya mlo ujue ametoa gramu ngapi. Kilichomwagika kwenye taulo kikadirie. Akila gramu 5 mwenyewe, punguza mililita 5 za sirinji. Mlo wa kwanza kuachana na sirinji uwe wa mchana, ambapo ana nguvu na wewe upo. Wa usiku wa manane uwe wa mwisho kuondolewa.

Idadi ya milo ni mitano au sita kwa siku akiwa na wiki 5, minne akifika wiki 8. Mtoto wa gramu 600 anahitaji takriban kilokalori 120 hadi 150 kwa siku. Chakula laini kingi kina kama 90 hadi 100 kwa gramu 100, kwa hiyo unatafuta gramu 130 hadi 150 zikigawanywa kwenye milo yote. Soma kopo lako maana yanatofautiana. Mlo usibaki chini zaidi ya nusu saa. Dar es Salaam au Mombasa wakati wa kaskazi, rojo ya nyama inaanza kuchacha hata kabla ya hapo, na juu yake hufanya ngozi kavu ambayo ulimi wake hauwezi kuivunja. Kopo lililofunguliwa likae jokofuni na lisizidi siku mbili. Kwa kuwa anakula kidogo, gawa lililobaki kwenye trei ya barafu, kila tundu kijiko kimoja, ugandishe.

Joto linagusa zaidi ya chakula. Paka hawa hupoza mwili kwa shida, na mwenye joto hali. Mlo mkubwa mpe alfajiri na jioni jua likishatua. Mchana kidogo kidogo, chumba kikiwa na feni isiyompulizia usoni.

Kama mama yupo, mwache ale karibu na watoto, kwenye sahani bapa ile ile. Watoto wa paka hujifunza chakula kwa kumtazama mama. Mwondoe kama saa moja kabla ya mlo ili waje na njaa. Ndugu nao husaidia kwa kuamsha hamu, ila mwenye uso bapa zaidi katika kundi husukumwa pembeni. Mwekee kisosi chake hatua mbili kutoka kwa wengine, asikie wanavyokula lakini asigombanie.

Akitapika chakula kizima dakika chache baada ya kula, aghalabu alimeza hewa na alikula kwa pupa. Punguza kiasi, ongeza idadi ya milo, fanya vichuguu viwili vidogo vyenye nafasi kati yao. Choo kikilainika baada ya kubadili chakula, rudi hatua moja na badili kwa robo: robo kipya kwa siku mbili, kisha nusu. Choo cha maji kwa zaidi ya siku moja, au chenye damu, kwa mwili wa gramu 500 ni upungufu wa maji unaokwenda mbio. Nenda kwa daktari. Aliyekuwa anakula vizuri akaacha ghafla huku macho yakitoa tongo na pua ikivuja, fikiria mafua ya paka. Kunavyo virusi vinavyotoa vidonda ulimini, na hakuna ufundi wa sahani utakaomfanya ale na kidonda. Akilegea, mdomo wa baridi, mpashe joto kwanza kifuani kwako, mpake maji ya sukari kwenye fizi kidogo tu, na uwe njiani. Mtoto wa baridi hawezi kuyeyusha chakula, usimlishe.

Baada ya kila mlo, uso. Rojo ikikauka kwenye mkunjo wa pua inaziba matundu mlo unaofuata, na chini yake ngozi inaoza. Pamba ya vuguvugu, anzia kona ya ndani ya jicho kushuka, pamba moja kwa jicho moja, kisha mkunjo, kisha kidevu, halafu kausha kabisa kwa kitambaa laini. Unyevu uliobaki kwenye mkunjo hukaribisha fangasi, na paka wa Kiajemi ana udhaifu wake kwa fangasi. Sabuni haihitajiki. Manyoya ya kifuani unaweza kuyapunguza kwa mkasi wa ncha butu mpaka ajifunze.

Maji ya kunywa yanafuata kanuni nyingine. Hapa chombo kipana kilichojazwa mpaka ukingoni ndicho kinachofaa, ulimi uyafikie bila kichwa kuingia ndani. Upana wa sentimita 15, kina cha sentimita 3, mbali na chakula. Mwanzoni atalowa kidevu. Mfute, asilale na kifua kibichi.

Punje kavu ndizo za mwisho, si kabla ya wiki 8. Loweka kipimo kimoja cha punje kwa vipimo vitatu vya maji ya vuguvugu dakika ishirini, ponda, lundika kama kawaida. Punguza maji kila siku tatu. Zikifika kuwa kavu, umbo lake linaamua mengi: vidogo vya mviringo vinabingirika, vilivyo bapa vinalala kwenye sahani na ulimi hauvinyanyui. Tafuta zenye pembe au umbo la lozi, zenye unene wa kushikika. Weka punje kumi, uhesabu ngapi zimeingia na ngapi zimedondoka. Zikidondoka zaidi ya nusu, badili aina. Hata ikiwa bei yake ni kubwa, anayodondosha hayamjengi.

Akifika miezi mitatu na nusu hadi sita, meno 26 ya utotoni yanang'oka na 30 ya ukubwa yanaota, na kwa kinywa kilichobanana hivi baadhi huota yakiwa yamelala au yamepandana. Atarudi nyuma: atageuza kichwa upande mmoja anapotafuna, ataacha punje, ataikodolea macho sahani bila kugusa. Mrudishie rojo kwa wiki moja au mbili bila kumlazimisha, na umwombe daktari atazame kama jino la zamani limekwama pembeni ya jipya.

Anayenunua mtoto wa aina hii asimchukue kabla ya wiki 12, na aombe amwone akila mlo mzima kwa macho yake, kwenye sahani, bila mkono wa mtu. Na anayemtoa, ampe pia kisosi chake, chakula cha wiki mbili cha aina ile ile, na daftari la uzito. Nyumba mpya, watu wapya na sahani mpya kwa siku moja ni mengi mno kwake. Sahani ibaki ile anayoijua.